Ndege za bei chee au treni ukiwa Ulaya? Mapitio ya mtu wa Dar mwenye sanduku la kilo 23

Wadau, kila msimu wa watu kwenda kusalimia ndugu Ulaya ukikaribia swali ni lile lile, "nimeona tiketi ya ndege Milan kwenda Barcelona euro 19, treni naambiwa euro mia na kitu, nikate ipi?" Na wanaojibu wengi ni wale wanaoishi huko huko, wana vibali vya makazi, wanatembea na kabegi ka mgongoni, hawajabeba dagaa wa mtu. Mimi naandika kwa ajili ya anayetokea hapa hapa, Tabata, Mbagala, Mbezi, mwenye pasipoti ya Tanzania, viza ya kubandika, na sanduku ambalo shangazi kalijaza mpaka zipu inalia. Kwa mtu huyo ile nauli ya kwenye skrini ni kitu cha tatu. Cha kwanza begi, cha pili viza.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka aondoke nao: kama treni haizidi masaa manne hivi, panda treni, usijiulize. Ikizidi masaa saba panda ndege, ila uwe umeacha sanduku kwa mwenyeji wako na umebaki na begi dogo. Hapo katikati ndo kwenye ubishi.

Tuanze na ndege. Waliokuwepo mjini 2012 lile shirika la ndege za bei chee, fastjet, lilipoingia wanaijua hii biashara, tangazo linasema kuanzia shilingi 32,000 kwenda Mwanza, ukimaliza kuongeza kodi na begi unakuta unalipa hela nyingine kabisa. Kina Ryanair wa Ireland, easyJet wa Uingereza na Wizz Air wa Hungaria ndo wazoefu wa mchezo huo, na niseme ukweli sio matapeli, bei wanayoandika ipo na watu wanailipa. Ila ni bei ya mtu na begi la kuingia chini ya kiti cha mbele, basi. easyJet wanakupa 45 kwa 36 kwa 20, Wizz 40 kwa 30 kwa 20, Ryanair nao kuanzia 2025 wakafika hapo hapo kwenye 40 kwa 30 kwa 20. Hizo ni sentimita jamani sio inchi, na mkono wa begi na magurudumu vyote vinahesabiwa. Chukua rula pima begi lako sasa hivi ndo uendelee kusoma.

Ukitaka kuongeza sanduku la kilo 20 bei yake mara nyingi inaizidi nauli yenyewe, na kadiri unavyochelewa kulinunua ndo inapanda, ukisubiri mpaka getini ndo kabisa. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya geti, shirika silitaji, mbele yangu yuko dada mmoja Mwafrika na kasanduku ka magurudumu, kazuri tu, anaitwa akalitie kwenye lile fremu la chuma la kupimia. Likagoma. Akafungua pale pale sakafuni, akatoa koti akalivaa juu ya koti, akatoa kanga akajifunga shingoni, viatu akatia mfukoni kimoja huku kimoja huku, akarudisha sanduku kwenye fremu, likaingia lote ila gurudumu moja likabaki nje vidole viwili. Yule kaka wa geti hakubishana wala hakukunja uso, alichomoa tu mashine ya kadi. Watu nyuma wote tukawa tunayaangalia mabegi yetu.

Halafu kuna vimiminika. Sheria ya mililita 100 viwanja vingi bado wanaikomalia, kwa hiyo ile asali ya Tabora uliyotoka nayo Dar salama ndani ya sanduku kubwa, ukihamia ndege ndogo na begi la mkononi tu, inaishia kwenye pipa la pale kwenye ukaguzi. Achari hivyo hivyo. Treni za ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hakuna mtu anakuuliza habari ya mililita, unapanda na chupa yako ya asali unamkabidhi shangazi ikiwa nzima.

La umbali wa viwanja nalo watu hawaliangalii kabisa. Uwanja unaoitwa Paris Beauvais uko kama kilomita 85 kutoka Paris. Frankfurt Hahn, kilomita 120 hivi kutoka Frankfurt. Stockholm Skavsta ni mia na ushee, Girona wanayokuuzia kwa ajili ya Barcelona ni kama 90. Yaani ndege inakushusha Chalinze halafu unaambiwa karibu Dar es Salaam. Kutoka Beauvais kuna basi la kuingia mjini, ni saa moja na robo hivi kama barabara haijabana na nauli yake inazidi euro 15, ukiijumlisha kwenye tiketi yako ya euro 19 picha inabadilika. Na hizo tiketi za euro 19 zina tabia ya kuwa za 06:25, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano alfajiri, sasa mtu aliyefikia mjini aondoke saa ngapi? Atatoka usiku wa manane akitafuta teksi, na teksi ya kilomita 85 Ulaya sitaki hata kuitaja bei.

Shemeji yangu anaishi Köln, Ujerumani, na hili tumebishana sana. Yeye: "Shemeji, ndege ni saa moja tu angani, treni kwenda Paris masaa matatu na dakika ishirini, unapoteza muda." Nikamwambia sawa shemeji, hesabu kuanzia mlangoni kwako. Kwenda uwanjani, kufika masaa mawili kabla, ukaguzi, mkanda vua, viatu vua, foleni ya geti, saa moja angani, kushuka, kusubiri sanduku, kutoka uwanjani mpaka mjini. Treni ya Eurostar inaondokea stesheni kuu ya Köln, pale pale ubavuni mwa lile kanisa kubwa, inakushusha stesheni ya Gare du Nord katikati ya Paris, na tiketi ya kawaida ina masanduku mawili na begi la mkononi juu yake. Mawili! Bila kupima kilo, mradi uyanyanyue mwenyewe. Shemeji akasema yeye hana masanduku. Ndo maana nimeanza kwa kusema mashauri ya wanaoishi huko hayatuhusu sana.

Na kwa anayetua Amsterdam kutoka Dar ndo raha zaidi maana stesheni iko chini ya uwanja wenyewe wa Schiphol, unachukua mizigo yako unashuka ngazi za umeme unakuta treni ya kwenda Paris au Brussels, hujaona hata mvua. Frankfurt uwanja mkubwa nao una stesheni ya treni za mwendo kasi. Ukikata tiketi yako ya kutoka Dar angalia na hilo, siyo bei ya kutua tu.

Sasa viza, na hapa naomba utulie kidogo. Viza ya Schengen ukipewa ya kuingia mara moja ni mara moja kweli. London haimo. Dublin haimo. Kwa hiyo ile Eurostar tamu ya Paris kwenda London ya masaa mawili na robo kupitia chini ya bahari inataka viza ya Uingereza, ambayo ni ombi lingine na hela nyingine, na ukishavuka umetoka Schengen, kurudi Paris kupanda ndege ya kurudi nyumbani inakuwa msala kama viza yako siyo ya kuingia mara nyingi. Tiketi za ndege za bei chee ndo zinavutia watu kwenye huo mtego, unaona Dublin euro 15 unasema si Ulaya tu hiyo, kumbe Mtanzania anahitaji viza ya Ireland peke yake. Cyprus nayo iko Umoja wa Ulaya lakini haijaingia Schengen. Romania na Bulgaria ziliingia kikamilifu Januari 2025 kwa hiyo hizo sasa fresh.

Jambo lingine la sisi wenye pasipoti za nje: Ryanair kwa miaka wamekuwa wakitaka abiria asiye raia wa Ulaya apite kaunta ya kuhakikiwa hati kabla ya kuingia kwenye ukaguzi wa usalama, hata kama kachekini mtandaoni na hana mzigo. Mzungu anapita moja kwa moja na simu yake, wewe unapanga foleni. Weka nusu saa ya ziada kwa ajili hiyo. Na kuchekini mtandaoni usisahau, ukienda kaunta bila kuchekini wanakutoza euro 55, hiyo kwa hesabu ya haraka ni laki na nusu na zaidi, hela ya treni yetu ya SGR ya kawaida Dar Dodoma kwenda na kurudi mara mbili na chenji ya soda. Tangu Novemba 2025 wameachana na bodingi pasi za karatasi, kila kitu kiko kwenye simu, kwa hiyo chaji iwepo.

Kwenye treni za ndani ya Schengen mara nyingi hakuna ukaguzi wa pasipoti wakati wa kupanda. Polisi wanaweza kuingia njiani wakapita wakiuliza, hasa mipakani, na watu wa rangi yetu tunaulizwa zaidi, sitalipaka sukari hilo. Pasipoti iwe mfukoni siyo kwenye sanduku lililoko mwisho wa behewa.

Sasa nisije nikaonekana nalipwa na reli. Treni zina kero zake, na kubwa ni bei. Sisi tumezoea SGR, tangu ilipoanza kwenda Dodoma Julai 2024 nauli ya kawaida ilitangazwa shilingi 31,000, ukinunua wiki iliyopita au asubuhi ya leo ni ile ile. Kule treni za mwendo kasi zinauzwa kama ndege, mapema chee, siku yenyewe unapigwa mpaka unaona kizunguzungu. Wanafungua mauzo miezi kadhaa kabla, na anayewahi ndo anakula. Shida ni kwamba Mtanzania hawezi kuwahi, maana viza yako inaweza kutoka wiki mbili kabla ya safari au siku tatu, na ubalozi wenyewe wanakwambia usinunue vitu visivyorudishwa kabla viza haijatoka. Kwa hiyo tunanunua kwa kuchelewa siyo kwa uzembe, ni mfumo. Hapo ndipo soma masharti. Wajerumani mfano wana tiketi inaitwa Sparpreis, hiyo unaweza kughairi wakakukata kidogo, na Super Sparpreis ambayo ni chee zaidi ila ukighairi imekula kwako. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili huwa ndogo, mimi kama viza haijafika nachukua ya kwanza.

Na hao hao Wajerumani, sifa ya kufika kwa wakati waliyonayo huku kwetu ifutwe. Mwaka 2024 treni zao za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na kwao kuchelewa chini ya dakika sita bado kunahesabika umewahi. Ukiwa na treni ya kuunganisha usiweke dakika nane katikati kama programu inavyokushauri, weka saa nzima unywe chai. Kingine Ujerumani tiketi ya ICE, ile treni yao ya mwendo kasi, haikupi kiti, kiti unalipia pembeni, kwa hiyo unaweza kulipa nauli kamili ukasimama. Juu ya viti kuna kioo kidogo kinaandika kiti hicho kimeshikwa kutoka mji gani mpaka mji gani, mfano Köln mpaka Frankfurt, ukiona kimeandikwa hivyo na wewe umepandia Frankfurt basi kaa tu mwenyewe keshashuka. Ukiona kimya hakijaandikwa kitu, kaa pia, ila usivue viatu.

Ufaransa mambo yao makali kwenye muda. Namba ya jukwaa la treni wanaitoa kama dakika ishirini kabla, watu wote wamesimama vichwa juu wanaangalia ubao, ikitoka tu ni mbio na masanduku, na milango ya TGV, treni yao ya mwendo kasi, inafungwa dakika mbili kabla ya muda wa kuondoka. Siyo dakika mbili za Kibongo. Wanayo na treni yao ya bei chee, Ouigo, hiyo nayo soma habari ya mabegi maana wameiga mashirika ya ndege, sanduku kubwa unalilipia, ila ada yake kwa kulipa mapema haiumi. Hawa Wafaransa hata serikali yao 2023 ilipiga marufuku ndege za ndani pale ambapo treni inafika chini ya masaa mawili na nusu, ndo zikaondoka safari za Paris Orly kwenda Lyon, Nantes na Bordeaux. Kwa hiyo kuna njia ambazo huo mjadala wa ndege ama treni serikali imeshaumaliza.

Ninapopapenda kuliko pote ni Hispania. Madrid na Barcelona, kilomita 621 kwa reli, masaa mawili na nusu, katikati ya mji mpaka katikati ya mji. Zamani ilikuwa Renfe, shirika la reli la serikali, peke yao na bei zao. 2021 wakaingia Ouigo na tiketi za kuanzia euro 9, Renfe wakajibu na treni yao ya bei chee Avlo, 2022 wakaja Iryo, na sasa abiria ndo mfalme. Mizigo unapitisha kwenye mashine kabla ya kupanda, kitu ambacho mtu wa SGR hakitamshangaza, ila foleni inakwenda. Ukinunua wiki moja kabla bado unaweza kupata bei ya maana, ndege sioni kazi yake kwenye njia ile labda kwa anayeunganisha kuja nyumbani. Nawapa tisa kati ya kumi. Italia nayo ina mashindano hayo tangu 2012, Italo dhidi ya Frecciarossa, Roma mpaka Milan masaa matatu, nane kati ya kumi, moja nimeitoa kwa ajili ya zile treni za mikoa ambapo tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine pale stesheni kabla ya kupanda, usipogonga mkaguzi anakuandikia faini na Kiitaliano chako cha kubahatisha hakikusaidii.

Ndege inashinda wapi? Berlin kwenda Lisbon. Roma kwenda Warsaw. Paris kwenda Athens, huko bila ndege utakaa siku mbili au zaidi na uwe umependa. Kwa njia hizo hizo ndege za bei chee ni nzuri kweli, mimi nazipa saba, ndege zenyewe mpya, hazichelewi kama watu wanavyosema, chai ndani unalipia lakini nani kaenda kunywa chai. Fanya hivi, mzigo wa ndugu ukishaukabidhi mji wa kwanza, sanduku liache hapo, zunguka na begi la mgongoni, ukirudi unalichukua. Ila hiyo inataka tiketi yako ya kurudi Dar ianzie mji ule ule uliotua.

Ikichelewa sasa. Ndege inayoondokea Umoja wa Ulaya ikifika imechelewa masaa matatu na zaidi kwa kosa la shirika, unadai euro 250 kwa safari ya mpaka kilomita 1,500, na 400 kwa ya mpaka 3,500, haijalishi ulilipa euro 15 na haijalishi pasipoti yako ya wapi. Watu wetu wengi hawadai wanadhani ni haki ya Wazungu. Treni fidia yake ni ndogo, robo ya nauli ukichelewa kuanzia saa moja, nusu ukifika masaa mawili.

Malipo: kadi za benki zetu zinakubali kote huko, ila ile namba ya siri ya kuthibitisha muamala inakuja kwa meseji kwenye laini yako ya Bongo, kwa hiyo hiyo laini usiitoe kwenye simu ukaiacha hotelini, iwe hewani. Nimeona mtu stesheni anahangaika bei inapanda mbele ya macho yake kwa sababu laini iko kwenye pochi. Na wanaoulizia zile pasi za kuzunguka nchi nyingi, yetu sisi tusio wakazi wa Ulaya inaitwa Eurail, Interrail ni ya wakazi. Inalipa kama unazunguka kweli miji mingi kwa muda mfupi, ukiwa na safari mbili tatu tu nunua tiketi moja moja, halafu jua kwamba Ufaransa, Italia na Hispania treni za mwendo kasi zinataka ulipie kiti juu ya pasi.

FlixBus, wale wa mabasi, nao mtaniuliza. Ni chee kuliko vyote, mizigo wana huruma, na wanaenda karibu kila mji. Ila mgongo wangu niliumalizia kwenye mabasi ya Mwanza, mapitio yao aandike kijana.